Kutengeneza uani kando ya Ziwa Victoria: mitaro kwanza, bustani baadaye

Wengi wetu tulinunua viwanja vya kando ya ziwa mwezi wa saba. Nyasi zimekauka, upepo unavuma, ziwa limetulia kama sinia, dalali anakuonesha jua linavyozama. Sijaona dalali anayempeleka mteja kiwanjani mwezi wa nne, saa nane za usiku, mvua ikipiga.

Changu kiko Igombe, nje kidogo ya Mwanza. Kinaanzia kwenye majabali na kuteremka taratibu hadi kwenye matete. Mwaka wa kwanza nilifanya kile ambacho karibu kila mtu hufanya: nilisakafia uani kwa zege, nikapanda ukoka, nikajenga benchi la mawe karibu na maji ili jioni nitazame taa za wavuvi wa dagaa. Mzee mmoja mvuvi alipita, nikampa shikamoo, akaitikia huku macho yake yako kwenye benchi. "Mwanangu," akasema, "hapo marehemu baba alikuwa akifunga mtumbwi mwaka sitini na nne." Nilicheka. Mei 2020 maji yalifika kwenye egemeo la benchi lile na kumong'onyoa msingi wake. Upande wa juu nako, maji yaliyoteleza juu ya zege yalikuwa yamechimba korongo la kufika magotini.

Nilibomoa, nikaanza upya. Mpangilio ninaoueleza hapa ndio nilioufuata mara ya pili.

Jua mipaka miwili ya ziwa

Mpaka wa kwanza ni wa sheria. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 57, inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Kwa hiyo chora mstari kwenye kiwanja chako. Juu ya mstari unaweza kuweka kuta, mitaro ya kujengea, pavingi na banda. Chini yake ni mimea, njia ya miguu isiyo na saruji na benchi la mbao ambalo watu wawili wanaweza kulibeba. Kwa kuwa maji yenyewe husogea, usijipimie kwa hatua zako. Nenda ofisi ya Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria pale Mwanza, au NEMC, baraza la taifa la mazingira, wakueleze mita hizo zinaanzia wapi kwenye eneo lako. Ukiwa na nia ya kufunga pampu ya kuvuta maji ziwani, ulizia na kibali hukohuko.

Mpaka wa pili ni wa maji. Baada ya mvua ambazo wazee wanaziita za Uhuru, ziwa lilipanda zaidi ya mita 2 kati ya 1961 na 1964. Mwaka 2006 lilishuka hadi watu wakalima mahali palipokuwa na maji. Mei 2020 likarudi kwenye alama ya 1964, na 2024 likaipita. Sasa piga hesabu yako: uani ukiteremka sentimita 5 kwa kila mita 1, ziwa likipanda mita 1 linakufuata mita 20 nchi kavu. Uani ukiwa bapa zaidi, wa sentimita 2 kwa mita, zinakuwa mita 50. Chochote usichotaka kukipoteza kiweke juu ya hapo.

Mvua moja nzima, bila jembe

Vaa koti la mvua, chukua vigingi na nyundo, zunguka kiwanja wakati inanyesha. Piga kigingi mahali maji yanapoingia, yanapotuama na yanapotokea. Kesho yake rudi uone palipobaki na matope, na siku ya pili baada ya hapo rudi tena. Dimbwi linalokauka kwa siku moja ni tatizo la mteremko. Likikaa siku tano, tatizo liko kwenye udongo, au umeshafika kwenye usawa wa ziwa.

Kazi hii ni ya bure na ndiyo inayorukwa. Mafundi huitwa Agosti, na Agosti kila kiwanja kinaonekana kuwa na mteremko mzuri.

Kupima mwinuko kwa mpira

Pimamaji ya fundi wa matofali inatosha kwa ukuta, ila kwa uani wa mita 40 itakudanganya. Tafuta mpira mwembamba unaoonesha ndani, wa urefu wa mita 15 au 20. Ujaze maji taratibu hadi mapovu yote yatoke, maana povu moja tu linaharibu kipimo. Mtu mmoja ashike ncha moja kwenye kigingi cha kwanza, mwingine kwenye cha pili. Maji yakitulia, pande zote mbili ziko sawasawa, hata kama kati yenu kuna jabali. Weka alama kwenye kila kigingi, pima kutoka alama hadi ardhini, tofauti ndiyo mteremko.

Sisi wa kando ya ziwa tuna bahati moja: ziwa lenyewe ni pimamaji. Asubuhi na mapema, kabla upepo haujaamka, piga kigingi majini na uite hapo sifuri. Panda na mpira hatua kwa hatua hadi ukutani mwa nyumba, ukiandika kila mahali pako juu ya ziwa kwa kiasi gani. Kwangu, mita 10 kutoka kwenye matete palikuwa sentimita 45 tu juu ya ziwa. Kumbe mtaro wa kina cha sentimita 60 niliochimba pale mwaka wa kwanza ulikuwa unaleta maji ya ziwa uani badala ya kuyatoa! Nilikuwa nimemlaumu fundi bure.

Liandike hilo kwenye karatasi yako: huwezi kuyapeleka maji chini kuliko ziwa. Sehemu iliyo karibu na usawa wake haikaushwi kwa mtaro. Ama unaiinua kwa udongo, kama iko juu ya mstari wa mita 60, ama unaiachia mimea inayopenda miguu yake kulowa.

Udongo unanywa au haunywi?

Wasukuma wana majina ya udongo yanayokupa nusu ya jibu kabla hujachimba. *Luseni* ni ule wa mchanga unaotokana na majabali, unanywa maji haraka. *Itogolo* una tabaka gumu chini yake, maji yanafika hapo na kusimama. *Mbuga* ni mweusi, unapasuka kiangazi na kunata masika. Muulize mama anayelima jirani kama wako ni upi, atakujibu bila kuinama.

Hata hivyo jaribu. Chimba shimo la sentimita 30 kwa 30, kina sentimita 60. Lijaze maji, yaache yaishe, kisha jaza tena na uchomeke kijiti chenye alama. Yakishuka zaidi ya sentimita 5 kwa saa, udongo wako unaweza kupokea maji ya paa. Yakishuka chini ya sentimita 2, sahau shimo la kunyonya. Na kama shimo limejaa lenyewe kabla hujamimina kitu, umekutana na ziwa.

Maji ya paa ndiyo adui wa kwanza

Paa la mita za mraba 120 likipigwa na mvua ya milimita 40 linatoa lita 4,800. Hesabu yake ni nyepesi: kila milimita 1 ya mvua kwenye mita 1 ya mraba ni lita 1. Maji hayo yote yakidondoka kwenye ukingo wa paa, bustani yoyote utakayoipanda uani itakuwa imesafiri kufika Juni.

Funga gata, peleka kwenye simtanki. Hadi hapo watu wengi hufika. Kinachosahaulika ni bomba la kufurikia. Tanki la lita 5,000 linajaa kwa mvua moja, na mvua ya kesho yake inamwagikia palepale kwenye msingi. Bomba hilo lipe njia yake hadi kwenye shimo la mawe au bustani ya mvua nitakayoieleza chini.

Shimo la mawe liwe mita 5 au zaidi kutoka nyumbani. Ukichimba la mita 1.5 kila upande na kina hichohicho, ujazo wake ni kama mita za ujazo 3.4, lakini mawe yanachukua nafasi, hivyo linabeba kama lita 1,100 kwa mkupuo. Chini ya shimo ibaki angalau mita 1 ya udongo mkavu kabla ya kufikia maji ya ardhini. Na lisiwe kabisa karibu na karo la choo: karo likishiba maji ya mvua linatapika, na chini yako kuna ziwa ambalo watu wanachota maji ya kunywa.

Kukinga maji ya mlimani

Kama juu yako kuna mlima au majabali, na Mwanza ni nani asiye na jabali, maji yake yakate kabla hayajafika ukutani. Mtaro wa kinga upite mita 3 hadi 5 juu ya nyumba, upana sentimita 60, kina sentimita 40, ukiteremka sentimita 1 tu kwa kila mita. Ukiuteremsha zaidi, maji yatachimba mtaro wenyewe. Udongo unaoutoa utupe upande wa chini, uwe tuta la kuyazuia. Mabwana shamba huita hiyo fanya chini.

Fanya juu, ile ya kutupa udongo upande wa mlimani, iache kwa ajili ya bustani yenyewe. Hapo unataka udongo ubaki, na baada ya misimu kadhaa matuta yanajitengeneza kuwa ngazi pana bila wewe kujenga ukuta.

Mwisho wa mtaro ndipo ugomvi unapoanzia. Usiumwagie kwa jirani. Uishie kwenye mawe yaliyopangwa kama mkeka, upana mita 2, ili maji yatawanyike na kupoteza nguvu.

Mtaro wa kokoto

Huu ni kwa ile sehemu iliyo na unyevu kila siku ingawa ina mteremko wa kutosha, kwa kawaida chini tu ya ukuta au kwenye mguu wa ngazi ya bustani. Nitaueleza kirefu kwa sababu ndio unaokosewa zaidi.

Anza kuchimba kutoka chini, mahali utakapotokea, uende ukipanda. Ukianzia juu, mvua ya ghafla inakukuta na shimo lisilo na mdomo. Upana sentimita 35, kina sentimita 60, mteremko sentimita 1 kwa mita. Pima kila mita 3 kwa mpira wako, na wala usimwamini mtu anayesema "kwa macho iko poa."

Tandika kokoto sentimita 5 chini, kisha laza bomba la PVC la inchi 4. Bomba lenye matundu lisipopatikana dukani, toboa mwenyewe kwa drili, matundu ya milimita 8, mistari miwili, kila sentimita 12. Matundu yatazame chini. Mafundi wengi watabisha. Maji hujaa mtaroni kutoka chini kwenda juu, kwa hiyo matundu yakiwa chini yanaingia mapema, na tope linalodondoka kutoka juu halipati pa kuingilia.

Jaza kokoto za robo tatu ya inchi hadi sentimita 15 kutoka usawa wa ardhi. Kokoto za kugonga kwa mkono, zile zinazouzwa kwa mafungu chini ya milima, ni nzuri sana kwa kazi hii, ila zioshe. Nilimwaga zangu na vumbi lake, na baada ya mvua tatu mtaro ukaziba. Ushahidi ulikuwa wazi nilipofukua: chini ya bomba palikuwa na uji wa kijivu, unene wa vidole viwili. Juu ya kokoto weka kitambaa maalumu cha kuchuja wanachotumia wajenzi wa barabara. Viroba havifai, vinaziba haraka. Usipopata kitambaa, weka tabaka la kokoto ndogo, juu yake mchanga mkubwa wa mtoni, halafu ndipo udongo.

Mdomo wa bomba ufunge kwa wavu wa chuma, la sivyo panya watahamia, na nyoka atawafuata panya.

Kuta na ngazi

Kwa kushuka kwa kila mita 1 weka ngazi moja ya bustani. Ukuta wa mawe yasiyo na saruji hadi mita 1 unaweza kuusimamia mwenyewe. Ukizidi hapo mwite mhandisi. Msingi uingie ardhini sentimita 30, upana wa chini usipungue nusu ya kimo, na ukuta uegemee mlimani kama sentimita 15 kwa kila mita ya kimo. Jiwe kubwa lilale, lisisimame. Nyuma yake jaza kokoto upana wa sentimita 30. Anayeng'ang'ania saruji aache matundu ya kupumulia kila mita 1, kwa maana kinachoangusha kuta huku ni maji yaliyokosa pa kutokea nyuma yake.

Kwenye mdomo wa kila ngazi panda mchaichai au vetiva, nyasi ndefu ya kushika udongo. Vetiva ndiyo bingwa: mizizi inazama mita 3 na zaidi, na haisambai kwa mbegu. Vipande vipandwe kwa nafasi ya sentimita 10 hadi 15, mstari mmoja unaofuata usawa, mvua za vuli zikianza. Mwaka wa pili ukuta wako una ukuta mwingine ndani ya udongo.

Sasa bustani

Bustani ya mvua ni bonde dogo la kina cha sentimita 15 hadi 20 linalopokea maji ya tanki yaliyofurika. Kando panda kana na mchaichai, katikati magimbi. Majani yake mapana yanapendeza kuliko maua mengi ya kununua, na Desemba unachimba ukachemsha. Lazima likauke ndani ya siku 2. Kiluwiluwi cha mbu kinahitaji wiki moja hivi kuwa mbu, kwa hiyo likikauka mapema hakuna anayezaliwa hapo.

Maji ya kuogea na ya jikoni yapeleke kwenye shimo la migomba: duara la kipenyo cha mita 2, katikati takataka za majani, pembeni migomba minne au mitano na mipapai. Hakuna mfereji mzuri kuliko mgomba wenye kiu.

Kidimbwi cha samaki? Mimi nilikijenga, na nakubali kinavutia. Kiweke juu, mbali na usawa wa ziwa, kwani ukikitandika plastiki mahali ambapo maji ya ardhini yako karibu, masika yataisukuma kutoka chini na itafura kama andazi. Kijaze maji ya mvua, usichote ziwani wala kuleta mimea kutoka ziwani: konokono wa kichocho husafiri na mimea hiyo. Tia sato wachache wadogo, kazi ya viluwiluwi waachie.

Njia za miguu ziwe za mawe bapa juu ya mchanga, nafasi ya vidole viwili kati ya jiwe na jiwe, ukoka uote hapo. Sehemu ya kuchomea sato iwe upande ambao upepo wa mchana unaotoka ziwani hautapeleka moshi sebuleni. Taa ziwe za rangi ya njano na ziwe chache, maana wale wadudu wa ziwa wanaopaa kama moshi wakiona taa nyeupe watamwagika kwenye sahani zenu.

Miti mikubwa kama mkuyu na mwembe ikae mbali na mabomba na msingi, mita 8 au zaidi.

Ukanda wa matete usiuguse

Kila anayefika kwangu huniuliza kwa nini sifyeki matete nione ziwa. Matete na mafunjo ndiyo yanayovunja mawimbi na kushika ukingo. Jirani aliyeyachoma amepoteza udongo wa hatua sita. Pia yanachuja tope na mbolea kabla havijaingia majini, na mbolea ikiingia ndiyo inayolisha magugu maji. Kwa sababu hiyo biwi la mboji liwe juu kabisa ya kiwanja, wala usirushe mbolea ya dukani chini ya mstari wa mita 60.

Ukihitaji kuona, inua pa kukalia. Jukwaa dogo la mbao juu ya mstari linakupa ziwa lote bila kukata hata tete moja. Pale penye viboko, usipeleke ukoka mfupi hadi majini. Unakuwa umewaandalia chakula cha usiku, na asubuhi utakuta nyayo kubwa kama sufuria. Wala usifungue uchochoro ndani ya matete ukawaachia watoto, kwa ajili ya mamba na kwa ajili ya kichocho.

Kalenda

Chimba mitaro na jenga kuta kati ya Juni na Septemba. Panda vuli inapoanza, Oktoba au Novemba. Januari na Februari rekebisha kilichobomoka, masika inakuja kukagua kazi yako. Kila baada ya mvua kubwa zunguka na beleshi: zoa tope kwenye mdomo wa mtaro wa kinga, fungua wavu wa bomba, angalia gata.

Na kile kigingi cha sifuri usiking'oe. Changu nimekipaka rangi nyeupe, na kila tarehe mosi nashuka asubuhi na kuchora mstari maji yalipofika. Benchi langu jipya ni la mbao, na mistari mitatu ikipanda mfululizo, mimi na kijana wa jirani tunalibeba tunalisogeza juu.